Mwenye Lango Akinyamaza

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha tofauti ya "let", "allow" na "permit" kwa nguo. "Let", alisema, ni kikoi: unavaa nyumbani na hakuna wa kukuuliza. "Allow" ni kanzu: barazani inafaa, msikitini inafaa, hata harusini haikutii aibu. "Permit" ni suti na tai, ya kuendea ofisini. Tukacheka, tukaandika, tukapita mtihani. Tangu nianze kazi ya kutafsiri barua na fomu katika kijichumba changu karibu na Makadara, hapa Mombasa, nimewapa wengine somo lilelile kwa nguo zilezile.

Si somo la uongo. Mama humwambia mwanawe "I'll let you go", na bao la wodini huandikwa "Visitors are not permitted after six". Baba anayesema "permit" mezani mbele ya watoto wake ana lake jambo. Lakini somo la nguo hukwambia tu nani atakutazama ukitumia neno hili mahali pale. Neno lenyewe linafanya kazi gani, halisemi. Hilo nililijua kwa kuaibishwa na barua ya ukurasa mmoja.

Walinijia vijana watatu kutoka Kisauni. Mtaani kwao mifereji ilikuwa mikavu wiki ya tatu, wakataka kuandamana kwa amani hadi mjini. Barua yao ya Kiswahili ilikuwa safi, imejaa adabu: "Tunaomba ruhusa ya kufanya maandamano." Walitaka Kiingereza chake cha kupeleka kituo cha polisi. Nikawaandikia "We humbly request permission". Hiyo "humbly" niliwaongezea mwenyewe, bila malipo. Jioni wakaipitisha kwa wakili mmoja anayewasaidia, naye akapiga mstari mwekundu kuanzia "humbly" hadi "permission", na juu yake akaandika maneno mawili: "hereby notify". Pembeni, kwa penseli: "Mwalimu, sheria haiwaambii waombe."

Nikaenda kusoma, na kweli haiwaambii. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma nayo inamtaka mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe yenyewe. Taarifa. Zamani haikuwa hivyo: mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni hiyo ilitolewa au ilinyimwa jinsi mkubwa alivyoamka. Mageuzi ya 1997, waliyokubaliana wabunge wa pande zote kabla ya uchaguzi wa mwaka ule, ndiyo yaliyoiondoa leseni yakaweka taarifa mahali pake. Mkuu wa kituo bado ana la kusema: anaweza kukwambia kuna wengine wamekutangulia kwa siku ile, saa ile na uwanja ule, na anaweza kuingilia pakiwa na hatari ya wazi ya amani kuvunjwa. Lakini hatoi kibali, kwa sababu hakuna kibali cha kutoa.

Na bado, miaka yote hii, redioni tunasikia "maandamano hayo hayakuwa na kibali". Anasema afisa, anasema mtangazaji, anasema hata mwandamanaji mwenyewe. Neno moja tu limebadilika katika sheria na sisi hatukulisikia, maana kwetu kila kitu ni ruhusa.

Tangu siku ile nimeiacha kanuni ya nguo nikachukua nyingine. Nikikutana na neno la Kiingereza la namna hii, najiuliza: mwenye lango akinyamaza, nini hutokea? Ukitoa taarifa naye akanyamaza, unaandamana. Ukiomba ruhusa naye akanyamaza, unakaa nyumbani. Barua ni ileile, ukurasa uleule, kituo kilekile. Kimya chake ndicho kilichobadilika bei.

Anza na "let", iliyo ndogo kuliko zote. Hapa kimya kinatosha. Mtu amepita mbele yako, hukumgusa, hukunena kitu: "you let him pass". Hukutoa chochote, ila hukuzuia. Ndiyo maana hata sarufi yake ni nyepesi, kitenzi kinachofuata huja uchi bila "to": "let him go", lakini "allow him to go". Anayeandika "allow him go", na mjini hapa tuko wengi, amemvalisha mtu kanzu akasahau kofia.

Historia yake inachekesha. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana sauti, kimoja cha kuacha na kingine cha kuzuia. Karne zikavisaga hadi vikawa sura moja, "let", chenye maana mbili zinazopigana. Ile ya kuacha ikashinda. Ya kuzuia imebaki imejificha katika pasi ya kusafiria ya Uingereza, inayotaka mwenye pasi apite "without let or hindrance", na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu. Niliwahi kumweleza rafiki yangu jambo hili barazani, akastaajabu kwamba Wazungu wana neno moja la kuzuia na kuachia. Nikamwambia asiende mbali. Mtoto akivuta mkia wa paka tunamwambia "Acha!", yaani koma. Na ukija kumshika mkono tukakuona umezidi, tunakwambia "Mwache", yaani mpe njia. Bibi zetu wa Kimvita wangesema "mwate ende", na mizani ni ileile. Kitenzi kimoja hukomesha na kufungulia, na hatujawahi kuchanganyikiwa.

(Nani asiyeliona lile bao la "TO LET" kwenye majumba ya Tudor, watoto wamechomeka herufi I katikati pakawa choo? Hiyo nayo ni "let" hiyohiyo, ya kupangisha: mwenye nyumba anakuachia ukae, nyumba ikibaki yake. Ikumbukeni, tutaihitaji.)

"Allow" imekaa kati. Ina wazazi wawili wa Kilatini waliokutana kupitia Kifaransa, mmoja wa kusifu na mwingine wa kuweka au kugawia. Naona wote wawili bado wamo. Ukisema "my father allows it", umesema hazuii, na pia umesema kalitazama jambo kaliona sawa. Lakini neno hili halidai mtu awe macho. Mlinzi aliyesinzia "allowed the thieves to get in", wala hakuna anayedhani aliwakaribisha. Tundu la paa "allows" mvua kuingia. Linaweza kushikamana na vijineno vidogo ambavyo "permit" hukataa kata kata: "she isn't allowed out" ni kauli ya kila nyumba, "she isn't permitted out" inakwaruza sikio. Jina lake la asili, "allowance", lilihama zamani likaenda kwenye pesa, nasi tukalipokea likiwa limeshahama, tukaliita alawansi. Mfanyakazi wa bandarini hulidai jina la neno hili kila mwisho wa mwezi bila kujua kwamba kitenzi chake ndicho anachomwambia mwanawe.

Hapo pana hila ambayo simu zetu zimeitumia vizuri. Kwenye simu, orodha nzima huitwa "permissions", jina zito, jina la ofisi. Lakini kitufe unachobonyeza hakiandikwi "permit", kinaandikwa "allow". Jina limevaa suti, kitenzi kimevaa kanzu. Anayekuomba picha zako zote na mahali ulipo hapendi ujihisi unatia muhuri, anapenda ujihisi unampisha jirani mlangoni. Kwa Kiswahili simu husema "Ruhusu", nasi tunaruhusu, huku tunazungumza na mwuza kahawa.

"Permit" ni jingine kabisa. Kwa Kilatini ni kupeleka kitu kikapita, kukipitisha, na ukitaka kulielewa simama kwenye geti la bandari ya Kilindini asubuhi. Dereva wa lori ana kontena, ana jina, ana sura ambayo mlinzi ameizoea miaka kumi. Wanaulizana hali za watoto. Lakini bila karatasi lori halisogei, na mlinzi hana kinyongo. Kimya cha karatasi ni hapana. Anayetoa "permit" anasema kwa mdomo wa kanuni, na kanuni haina jirani. Ndiyo maana neno hili hulipenda umbo la kutendwa lisilo na mtu: "smoking is not permitted". Na nani? Hakutajwa, na hatatajwa. Vilevile unaweza kusema "it is not permitted to park here", lakini "it is not allowed to park here" huwakera walimu wazuri, maana "allow" bado inataka kujua nani hana ruhusa.

Pana mahali pamoja ambapo neno hili limenichoma. Jamaa yetu alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwetu maiti halazwi, tulitaka azikwe baada ya swala. Asubuhi yote ikaenda kwa kutafuta karatasi ya kuzikia, ile inayoitwa kwa Kiingereza "burial permit". Karani alikuwa mpole, hakutuzungusha. Lakini nilikaa kwenye benchi nikiwaza kwamba katika maneno yote ya Kiingereza ya kuruhusu, hakuna ambalo lingekaa pale ila hili. "Let us bury him" ni kilio, hilo ni la watu. Kwa serikali mtu hazikwi mpaka apitishwe, kama lori.

Kuhusu "licence" nitasema machache, maana ofisi zetu wenyewe hazifuati kamusi. Kwa asili ni kukufungulia jambo ambalo bila hiyo karatasi ni kosa: kuendesha gari, kuuza pombe. "Permit" mara nyingi ni ya tukio au mahali, "licence" ni ya mtu na hali yake. Lakini kaunti huita cha duka "business permit" na mwenye duka hukiita leseni, na wote wawili wanaelewana, kwa hiyo sina ugomvi. Kinachonivutia ni kwamba neno hili linatoka kwenye mzizi wa Kilatini wa "ni halali kwako", na mzizi huohuo ndio uliozaa "leisure", muda wa kustarehe. Na lina upande wa pili wa uhuru uliopitiliza. Walimu wa ushairi wameugawanya upande huo kwa uzuri: kile Waingereza wakiitacho "poetic licence", wengine hukiita idhini ya kishairi, wengine uhuru wa mshairi. Idhini inasema kuna aliyempa. Uhuru unasema hakuna. Mimi nikimwona mshairi anakata neno kwa inkisari ili mizani itimie, sioni aliyemwandikia cheti.

Sasa nirudi kwenye lile bao la "TO LET", kwa sababu mji huu mzima uliwahi kukaa juu ya neno la namna hiyo.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana pande hizi kwenye karatasi, wakamwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili 10 kutoka baharini, Mombasa ikiwamo. Mwaka uliofuata Sultani Barghash akawapa watu wa kampuni ya mfanyabiashara William Mackinnon kile kinachoitwa kwa Kiingereza "concession", kwa miaka 50. Neno hilo maana yake ni kulegeza, kukubali kuachia sehemu ya ulicho nacho. Kampuni ingetawala na kutoza ushuru, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kampuni ilipochoka, serikali ya Uingereza ikaingia mahali pake, na kwa mkataba wa Desemba 1895 ikawa inamlipa Sultani pauni 17,000 kila mwaka. Kwa hiyo 1920 bara ilipotangazwa koloni, sisi hatukuwa koloni. Jina rasmi la nchi likawa refu, Koloni na Himaya ya Kenya, na ile "na" ya katikati ilikuwa ni sisi. Bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963.

Mwanasheria atakwambia tofauti iko wazi. Kuna kuachia utawala, ambako ni kupangisha. Kuna kutoa kabisa, ambako kwa Kiingereza ni "cede". Sultani alipangisha. Alibaki mwenye nyumba, na mwenye nyumba hupokea kodi. Ndiyo sababu uhuru ulipokaribia, mpangaji alipokuwa anaondoka, swali likazuka: nyumba inarudi kwa nani? Hapo ndipo harakati za Mwambao, za waliotaka pwani isiingizwe tu ndani ya Kenya, zilipopata hoja yake, hapo ndipo Uingereza ilipomtuma Sir James Robertson mwaka 1961 aje achunguze, na hapo ndipo palipofungwa na makubaliano ya tarehe 8 Oktoba 1963, Zanzibar ilipoachia na ukanda ukawa sehemu ya Kenya. Wazee waliokuwa vijana wakati ule wakilizungumza jambo hili hutumia maneno ya Kiswahili yanayofanana mno: alitoa, aliwapa, aliruhusu, aliachia. Ukisikiliza utadhani ni neno moja linajirudia. Kwa kweli ni kesi nzima.

Ukiniuliza kimya kiko wapi hapa, nitakwambia kiko kwa tuliokaa ndani ya nyumba. Mwenye nyumba alisaini, mpangaji akasaini. Kwenye karatasi za 1887 na 1895 huyaoni majina ya watu wa Mji wa Kale, wala ya Wamijikenda wa nyuma ya mji. Maneno yote ya kutoa na kuachia yalipita juu ya vichwa.

"Grant" ni ndugu wa hayo, lakini ana tabia njema kidogo: hutanguliwa na ombi. Mtu huomba, mkubwa humkubalia. Ukichimba unakuta mzizi wa Kilatini wa kuamini, kwa hiyo anayepewa "grant" ni kama ameaminiwa, jambo ambalo mashirika yetu madogo ya mtaani yangependa kulisikia kila yanapojaza fomu za ripoti. "Authorise" nayo si kuruhusu hasa, ni kukopesha mkono. Ukimpa mtu "authority" achukue mzigo wako bandarini, akisaini yeye umesaini wewe, akikosea umekosea wewe. Kwa hiyo tafsiri yake ya kweli ni kumfanya mtu wakili wako, kumpa uwakili, wala si kumruhusu. Nimeona barua nyingi zilizoandikwa "nimemruhusu ndugu yangu" pale palipotakiwa "nimempa uwakili", na mzigo ukalala. "Sanction" naiacha, maana neno linaloweza kumaanisha kubariki na kuadhibu kwa pumzi moja halistahili kuaminiwa.

Limebaki "consent", na hili ndilo tunalolitafsiri vibaya kuliko yote.

Shangazi yangu alipokuwa afanyiwe upasuaji, sista alimletea karatasi kitandani. Ilikuwa na Kiswahili chini ya Kiingereza: "Mimi ... ninamruhusu daktari ..." Shangazi aliisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani. "Wewe mwanangu, mimi ni nani hata nimruhusu daktari?" Kisha akatia sahihi, kwa sababu aliona ni mambo ya wakubwa. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Ruhusa kwa Kiswahili huteremka. Baba kwa mwana, mwajiri kwa mfanyakazi, mwalimu kwa mwanafunzi anayetaka kwenda haja. Shangazi hakujiona juu ya daktari, kwa hiyo akaona karatasi haimhusu. "Consent" haiteremki wala haipandi. Kwa Kilatini ni kuhisi pamoja. Laiti wangeandika "nimeridhia", angeuliza, "Nimeridhia nini?" Na hilo ndilo swali ambalo karatasi ile iliwekwa duniani ili liulizwe.

Neno ridhaa tunalo, radhi tunalo, tunaliogopa hata kuliko laana. Kwa nini tunakimbilia ruhusa, sijui. Nadhani ni kwa sababu limekuwa la ofisini. Na hata hilo limepotea njia kidogo: kwa wataalamu wa sheria ya Kiislamu, yaani fiki­hi, rukhsa ni wepesi wa kusamehewa ugumu, kama msafiri kufupisha swala. Halikuwa neno la geti. Kibali nacho kilikuwa ni kukubaliwa, dua yenye kibali, kabla hakijawa karatasi ya shilingi kadhaa. Idhini ndiyo iliyonistaajabisha nilipoitazama. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa sikio na kusikia, na humohumo ndimo ilimotoka adhana. Idhini na adhana ni watoto wa nyumba moja. Mwadhini hapandi mnarani kuomba. Anatangaza kwamba wakati umeingia, na mwenye kusikia atajua la kufanya. Kwa hiyo taarifa na ruhusa, yale mawili yaliyonivunjia heshima mbele ya wakili, katika lugha tuliyokopa ni ndugu wa tumbo moja. Najitetea kwa hilo.

Juu ya ridhaa na kimya, sheria yetu ya 2019 ya kulinda data haina mchezo: ridhaa lazima iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, mtu akijua anachokubali, kwa kauli au kwa kitendo kinachoonekana. Kimya hakihesabiwi. Msomaji wa Mombasa atainua kidole haraka: na bikira je? Ni kweli, hadithi sahihi inasema bikira huombwa idhini, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Lakini isomeni yote. Aliyewahi kuolewa lazima aseme kwa kinywa chake, na bikira mwenyewe lazima kwanza aulizwe. Kimya kinachosemwa pale ni jibu la swali lililoulizwa, la mwari aliyeshikwa na haya. Si kimya cha mtu ambaye hakuna aliyemgeukia. Wanaoitumia hadithi ile kuoza binti ambaye habari kazipata kwa majirani wameshika nusu ya sentensi. Na hodi zetu zinatujua zaidi: unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndani kimya, unarudi. Hakuna mgeni mwenye adabu aliyewahi kusema, "Hawakujibu, kwa hiyo nimeingia."

Hapo ndipo nilipokwama na wale vijana. Waliporudi na mstari mwekundu wa wakili, niliwaandikia upya Kiingereza, kisha wakataka na Kiswahili kirekebishwe, wabandike mtaani. Nikaandika: "Tunakuarifu kwamba tutaandamana." Mmoja wao, mrefu, mwenye aibu, akakwaruza kichwa.

"Mwalimu, hii si kama tunamfokea? Ni mkuu wa kituo, ni mtu mzima."

"Sheria inasema mmjulishe."

"Naam. Lakini hata maji ya kunywa tunasema naomba."

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli, tukiingia hotelini tunasema "naomba chai" ilhali pesa tunayo mkononi, na hakuna anayedhani tunaomba sadaka. "Naomba" yetu ni upole tu. Tatizo ni kwamba ikivuka kwenda Kiingereza inageuka kupiga magoti, na ikibaki kwa Kiswahili, mkubwa asiyependa maandamano ana hiari ya kuisikia vilevile. Tukakaa nusu saa juu ya mstari mmoja. Mwisho tukaandika: "Kwa heshima na taadhima, tunakuarifu." Heshima wakaipata, ombi likatoka. Yule mrefu akaisoma kwa sauti mara mbili, akaona inasemeka.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nikasikia hodi tatu za haraka mlangoni. Ni yeye, ametoka kituoni mbio, jasho linamtiririka, nakala ya barua ameinua juu kama tikiti ya feri. Pembeni pana tarehe na muhuri wa buluu wenye neno moja la Kiingereza: RECEIVED.

"Mwalimu," akasema, "tumepewa kibali!"